Nasaba ya Upande wa Mama

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Ak-Kapchal. Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, Daktari Melis. Wazee wa baraza mlioketi na kofia zenu nyeupe mbele ya kichwa cha kondoo. Madaktari na wauguzi wenzangu. Ndugu wageni waalikwa mliotoka vijiji vya juu na vya chini. Kina mama wakwe wa viti vya kati. Na nyinyi wakaza wana mliosimama ukutani na mabirika, ambao katika hotuba zote nilizozisikia ukumbini humu kwa miaka thelathini na mmoja sijamsikia mtu akiwasalimu hata mara moja: nawaamkia nyote, na nyinyi wa mabirika nawaamkia mara mbili.

Naona wazee wanatazamana. Tulieni, wazee wangu, ndiyo kwanza naanza.

Nashukuru kwa joho mlilonivika, nashukuru kwa kitambaa cha kichwa, na nashukuru kwa maneno ya Mganga Mkuu. Amesema kwamba Muuguzi Zuurakan Jumalieva amekaa miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kupima umeme wa moyo, na kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Daktari Melis, mwanangu, nakuita mwanangu kwa kuwa mama yako nilimpima moyo wewe ukiwa mvulana wa shule umemshika mkono, hapo umenisifia kosa langu. Kunyamaza ndiyo kazi mbaya kuliko zote nilizozifanya katika hospitali hii, na leo nastaafu kazi hiyo pia.

Nitasema kwa lugha nyepesi ili hata aliyekwisha kunywa bakuli tatu za maziwa ya farasi yaliyochachuka anielewe. Ndani ya ukumbi huu yumo mwanamke mmoja kijana ambaye naamini moyo wake una kasoro. Amekwisha kuanguka mara mbili. Kipimo kipo, dawa ipo, kupimwa ni dakika tano, nami nimeomba mara tatu nimpime, na mara tatu wenye sauti juu yake wamekataa. Alhamisi ijayo wanampeleka kwa bibi wa kuinua moyo. Sitamtaja jina; sheria inanikataza, na mwenyewe nimemwahidi. Lakini nimeapa mbele ya kaburi moja kwamba sishuki jukwaani hapa mpaka apimwe au mpaka mniburute. Nina miaka sitini na moja na uzito wangu mnauona, kwa hiyo watakaoniburuta waanze kunyoosha migongo.

Mnacheka. Chekeni, kicheko hakijawahi kuudhuru moyo wa mtu.

Wengi wenu mmelala kitandani kwangu. Msishtuke, kina mama, nasema kitanda cha kupimia! Nimewabana vibanio mikononi na miguuni, chekundu, cha njano, cha kijani na cheusi. Nimewabandika vile vikombe sita vya mpira kifuani, na wanaume wenye vifua vya manyoya wanakumbuka nilichokuwa nikiwaambia. Mnakumbuka pia nilivyokuwa nagonga ukuta wa jikoni? Mkidhani nina kichaa. Wapishi walipowasha jiko la umeme chumba cha pili, kalamu ilianza kutetemeka karatasini, mchoro wa mtu mzima ukawa kama wa mtu aliyepanda gari bovu. Mzee Japar, aliyekaa pale karibu na dirisha, amenipa ruhusa niwasimulie yake. Siku ya kwanza nilipompima, mashine ilichora mstari mnyoofu, hakuna mlima hakuna bonde. Nikamtazama, naye akanitazama, akaniuliza, "Binti, hapa nani amekufa, mimi au mashine?" Nikamwambia, "Mashine, babu. Panya wametafuna waya." Akasema, "Basi wahi kuizika, mimi nina kondoo wa kunyoa." Nilipobadilisha waya nikakuta moyo wake unatembea kama mlevi anayetoka harusini, hatua mbili, moja, tatu. Tukampa dawa. Amekaa hapo, na hata nyama ya jirani yake mezani anaila.

Kwa nini moyo hupiga? Mmewahi kujiuliza? Moyo haungoji amri ya mtu, hauombi ruhusa ya mume wala ya mkuu wa wilaya. Upande wake wa juu, kulia, kuna kijinyama kidogo kama harage. Kijinyama hicho hutoa cheche chenyewe, bila mita na bila nguzo, mara sabini hivi kwa dakika. Cheche hushuka, husubiri kidogo mlangoni ili vyumba vya juu vimalize kumwaga damu, kisha hukimbilia vyumba vya chini navyo hubana. Baada ya kubana, moyo lazima ujichaji upya kabla haujaweza kupokea cheche nyingine. Wafugaji mnalijua jambo hili kuliko mimi. Farasi jike ukishamkamua unamwacha apumzike, ndipo umrudie; ukimrudia kabla hajawa tayari, utakula teke na ndoo itamwagika.

Sasa ipo mioyo ambayo huchelewa kujichaji. Inachelewa kidogo sana, chini hata ya kupepesa jicho, na kwa siku za kawaida hakuna anayejua. Mwenye moyo huo anaimba, anapanda farasi, anakanda unga, anacheka kushinda sisi sote. Kisha kitu kinamshtua ghafla: kengele, simu, mfuniko wa sufuria kuanguka. Cheche inakuja kabla ya wakati wake, moyo unapoteza mpangilio, unatetemeka badala ya kupiga. Akibahatika, moyo unarudi baada ya sekunde chache, naye anaamka anauliza, "Mbona mnanitazama hivyo?" Asipobahatika, mnafanya matanga.

Na sisi watu wa bonde hili tunasemaje? Tunasema moyo wake umeanguka. Tunampeleka kwa bibi wa kuinua moyo. Bibi anamkalisha, anamzungushia moyo wa kondoo kichwani, anamsomea, anambembeleza mpaka analegea. Halafu mtu mwingine anakuja kwa kunyata, anamwagia maji ya baridi usoni na kupiga ukelele, ili moyo uruke urudi mahali pake. Sikatai, wengi wamepona. Mimi mwenyewe niliinuliwa moyo nikiwa na miaka saba baada ya kukimbizwa na mbwa, na sikumwogopa mbwa tena. Kwa mtoto aliyeogopa mbwa, haidhuru. Lakini mwenye moyo huu ninaousema! Jamani, mnatibu mshtuko kwa mshtuko! Mnamchukua mtu anayekufa kwa kushtuliwa, mnamlipa mtu amshtue!

Niliuonaje ugonjwa huu? Kwenye karatasi. Mchoro wa moyo una mlima mkali, halafu kilima cha mwisho, kile cha kujichaji, na mwenye ugonjwa huu kilima chake husogea mbali, kinakuwa na mkia mrefu. Mwaka wangu wa nne kazini nilipima mkaza mwana mmoja wa kijiji cha chini, nikaona mkia. Mwaka wa sita, mwanafunzi wa kijiji cha juu, nikaona mkia uleule. Nikauliza, je, hawa ni ndugu? Nikajibiwa kwa hasira: ndugu wapi? Wazee wa koo mbili wakakaa, wakataja baba zao saba, huyu mwana wa huyu, mwana wa huyu, mpaka mwisho, na baba hawa hawakukutana popote. Basi, wakasema, si ndugu, funga faili.

Waheshimiwa, mimi siidharau hesabu ya baba saba. Mtoto wa kiume hapa kwetu, hata wa miaka mitano, mkimsimamisha juu ya kiti anawatajia baba zake saba bila kumeza mate, nasi tunampa peremende. Ni hesabu nzuri. Imetuzuia tusioane ndugu kwa ndugu. Lakini tazameni ilivyotufunga macho. Kwa sababu ya hesabu hiyo binti zetu huolewa mbali, ukoo mwingine, ng'ambo ya mto, nyuma ya mlima. Binti akifa, anazikwa na watu wa mumewe, nao wanasema tuliletewa mkosi. Ukoo huu ukazika mkaza mwana mmoja, ukafunga mdomo. Ukoo ule ukazika mmoja, ukafunga mdomo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: marehemu mama yake alikuwa nani? Na mama wa mama yake? Nani aulize, wakati majina hayo hayamo popote?

Naambiwa muda wangu umekwisha. Nani amesema? Afisa itifaki? Kaa, mwanangu, kunywa chai. Miaka thelathini na mmoja nimengoja zamu yangu.

Sasa nawapa la kunihusu mimi, na hili nataka mlisikie hasa kina mama wakwe.

Miaka ishirini iliyopita ililetwa mashine mpya. Ilibidi ijaribiwe, na mgonjwa hakuwapo, nikafunga mlango nikajilaza mwenyewe. Karatasi ikatoka. Nikaitazama nikidhani mashine imekosea, nikabadilisha vibanio, nikapima tena. Mkia. Mrefu kuliko wa yule mkaza mwana, mrefu kuliko wa yule mwanafunzi. Nilikaa sakafuni, nakumbuka, nikaishika karatasi hiyo nikakumbuka kwamba mama yangu Aliman alifia zizini siku jirani alipofyatua bunduki kumfukuza mbwa mwitu, naye hakuguswa na risasi wala na mbwa mwitu.

Nikaenda mji mkuu. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kununua mapazia. Daktari wa kule akanipa vidonge, kimoja asubuhi kimoja jioni, na karatasi ya dawa nisizopaswa kuzigusa maishani. Nikarudi na vidonge, na mapazia nikanunua kweli ili uongo wangu ukamilike. Mchoro nikauficha chini ya kitambaa cha meza. Binti yangu nilimpima siku ya mapumziko, mlango umefungwa. Moyo wake mzima, alhamdulillahi. Maana ugonjwa huu hugawanywa nusu kwa nusu, kama mtoto arushavyo kifundo cha kondoo mchezoni aone kitaangukia upande gani: kila mtoto ama anaupata ama anaukosa. Nilipaswa kuwapima na wengine. Nilikuwa na dada. Dada yangu alikuwa na binti.

Mnamwona dada yangu Batmakan, yule mwenye kitambaa cha kijivu safu ya tatu. Binti yake aliitwa Sairagul. Mtoto wa utani, jamani. Alikuwa ananiita Shangazi Nyaya, ijapokuwa mimi ni mama mkubwa. Akiwa na miaka kumi na tisa akazimia kengele ya chuo ilipolia. Mara ya kwanza tukasema ni njaa. Mara ya pili Batmakan akaja chumbani kwangu, akanishika mikono, akaniambia, "Dada, mpime."

Sikilizeni nilichomjibu. Nilimjibu, "Ni woga tu. Mpeleke akainuliwe moyo."

Kwa nini? Kwa sababu wiki ileile wakwe watarajiwa wa binti yangu walikuwa wanakuja kumvika hereni! Mnalijua lile la hereni. Mama wa kijana anakuja, anamvika binti hereni kwa mkono wake, na tangu hapo neno limekwisha. Nikawaza, nikimpima Sairagul na mkia ukatoka, watu watasema ukoo wao una moyo mbovu, na hereni zitarudi mfukoni. Nikajiambia, acha binti yangu avikwe kwanza, halafu nitampima huyu. Siku tatu tu. Mimi, muuguzi wa moyo, mwenye vidonge mfukoni mwa koti langu jeupe, nikasema siku tatu.

Batmakan akampeleka. Bibi akambembeleza, akamzungushia moyo wa kondoo. Maji yakamwagwa, ukelele ukapigwa. Sairagul akaanguka, na safari hii hakuamka kuuliza kwa nini anatazamwa.

Simlaumu yule bibi. Alifanya alichofundishwa na nyanya yake, na alilia mpaka akapofuka jicho moja. Aliyejua ni mimi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwangu kifo hakikuniumbua mimi niliyeficha, kikamchukua asiyejua. Miaka kumi na mmoja dada yangu amekuwa akinifariji, akiniambia, "Usilie sana, dada, ulifanya uwezalo." Jumamosi iliyopita nilikwenda nyumbani kwake nikamwambia ukweli. Hakupiga kelele. Aliondoa bakuli la chai mbele yangu, akaniambia, "Toka." Tangu siku hiyo hajanisemesha. Leo amekuja, sijui kwa nini amekuja, na siombi anisamehe mbele za watu, maana huko ni kumlazimisha.

Nilichofanya baada ya mazishi ni hiki. Nilianza kutafuta mama. Kila mgonjwa mwanamke aliyelala kitandani kwangu nilimuuliza: mama yako nani? Mama wa mama yako? Wengine walicheka, wengine walifikiri nawatafutia wachumba wana wao. Niliandika majina hayo nyuma ya karatasi za michoro. Ikanichukua miaka tisa. Na nilipounganisha karatasi, watu watano wa koo tano waliokufa ghafla bondeni humu, yule mkaza mwana na yule mwanafunzi wakiwamo, ambao baba zao hawakukutana popote, mama zao walikutana kwa mwanamke mmoja.

Nikaenda kwa Daktari Melis. Mwanangu, usiiname, nitasema kwa haki. Ulinisikiliza, ukanipa kiti, na mwisho ukaniambia, "Mama Zuurakan, ukitangaza jambo hili, mabinti watarudishwa makwao kama nguo isiyoenea."

Nikakuuliza, "Na nisipotangaza?"

Ukasema, "Usipotangaza, huenda Mungu akawasitiri."

Nikakujibu, "Mungu amekwisha kuwasitiri watano, Daktari. Amewasitiri kwa udongo."

Ukaniambia niisubiri kamati. Kamati hiyo naisubiri mwaka wa pili sasa.

Kisha mwezi uliopita nikasikia habari za huyu binti aliyemo humu. Nikaenda nyumbani kwao. Mama mkwe wake akanikaribisha vizuri, mkate, siagi, jemu, kila kitu. Nikamwambia, "Mkaza mwana wako mlete kwangu, dakika tano tu."

Akasema, "Huyo? Huyo hana lolote. Laini kama yai. Mfuniko wa sufuria umeanguka, naye chini! Siku hizi tunaletewa wake wa karatasi."

Nikasema, "Mlete, bibi wee."

Akasema, "Nikamlete wamwone akiingia chumba cha moyo? Nina mabinti wawili bado wamo nyumbani. Unataka waozee humu ndani?"

Nikanyamaza. Mnajua kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu sauti ile niliitambua. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, neno kwa neno. Nilirudi mara ya pili, akanitolea mkate bila siagi. Mara ya tatu mlango ulifunguliwa na mbwa.

Jana Daktari akaniita, akaniambia, "Kesho kwenye hotuba, mama, sema ya shukrani tu. Siri za wagonjwa ni za wagonjwa." Ni kweli kabisa, na sheria hiyo naiheshimu. Sitataja mgonjwa yeyote. Nitajitaja mimi. Au ipo sheria inayomkataza mtu kutaja wazazi wake kwenye karamu? Wanaume mmevitaja vizazi vyenu hapa tangu asubuhi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja amepigiwa makofi. Basi nami nasimama kama wanavyosimama watoto juu ya kiti, peremende nitajinunulia.

Mimi ni Zuurakan, binti wa Aliman. Aliman ni binti wa Seyilkan. Seyilkan ni binti wa Kalyicha. Kalyicha ni binti wa Burmakan. Burmakan ni binti wa mwanamke ambaye jina lake nimelitafuta kwa vikongwe wa mabonde matatu, nikajibiwa kwamba alikuwa mke wa fundi wa matandiko. Jina hawana. Nilikwenda kwenye kaburi la huyo fundi. Jiwe lake lina jina lake, majina ya baba zake saba, na jina la farasi wake. La mkewe halimo. Farasi ameandikwa, wazee wangu! Kwa hiyo mimi nimefika mama wa nne nikakwama, na aibu ya kukwama huko si yangu.

Sasa fungueni masikio. Bibi yangu Seyilkan alikuwa na mabinti watatu. Aliman, mama yangu, aliolewa hapa mjini. Ryskan aliolewa kijiji cha chini, ng'ambo ya mto. Sakin aliolewa juu, kwenye malisho ya kiangazi. Kila aliyemo humu ambaye bibi yake, au bibi wa mama yake, aliitwa Ryskan au Sakin, moyo wake ni ndugu wa moyo wangu, na anaweza kuwa ameupata mkia au ameukosa. Na nyinyi wanaume msijione mmenusurika. Baba naye hurithisha, moyo hauangalii ndevu.

Mnanong'onezana. Mnahesabu, siyo? Hesabuni. Nimewapa majina yangu, hayo mengine mnayatafuta wenyewe vichwani mwenu.

Na kwa anayeogopa kurudishwa kwao, namwambia hivi. Huu mwili wangu. Moyo wangu ni mbovu tangu nizaliwe. Nimeolewa nao, nimezaa nao, nimepanda nao ngazi za hospitali ile miaka thelathini na mmoja, na mume wangu, Mungu amrehemu, alinikuta hai kila alipoamka mpaka alipotangulia yeye mwenye moyo mzima. Vidonge viwili kwa siku! Atakayesema mwanamke wa namna hii hafai kuolewa, aje aniambie mimi usoni, nami nitamuuliza anataka mkaza mwana anayemeza kidonge au picha ya mkaza mwana ukutani yenye utepe mweusi.

Nyuma ya pazia hili nimeweka kitanda, na mashine ndogo ya betri. Daktari, usiinuke. Barua yako ya kunistaafisha imesema mimi ni mtumishi wa hospitali mpaka saa kumi na moja jioni ya leo, na sasa ni saa nane. Mashine nimeisainia. Aliyelala kule wa kwanza ni mimi mwenyewe, asubuhi, na mchoro wangu huu hapa, nauinua juu. Tazameni mkia wake. Sioni haya tena. Anayefuata ni nani?

Sitataja mtu. Nimesema sitataja.

Nangoja.

Naona birika limewekwa sakafuni. Nenda polepole, mwanangu, hakuna anayekukimbiza. Usiangalie kule, niangalie mimi. Bibi wee, mwachie mkono. Najua unaona haya, najua una mabinti wawili, najua yote, mimi nilikuwa wewe. Mwachie. Mabinti zako wataolewa; huyu akifa hatarudi. Mwachie mkono, nakuomba, nakuomba kama mtu aliyewahi kuushika mkono vilevile!

Batmakan? Dada, unakwenda wapi?

Wa nyuma hamkusikia, ngojeni niwarudishie alichosema dada yangu. Amemwambia mama mkwe: "Wa kwangu nilimshika mkono nikampeleka kwenye maji. Huyu niachie mimi nimpeleke kitandani." Na amemwachia. Mungu akulipe, bibi. Umemwachia.

Sema jina lako, binti, kama unataka. Si lazima. Sema kwa sauti, wazee wasikie.

Anasema yeye ni Kanyshai, binti wa Anarkul, binti wa Tursun, binti wa Ryskan, binti wa Seyilkan. Hajakwama hata mara moja. Karibu, kitukuu wa mama yangu mdogo.

Waheshimiwa, wazee, ndugu zangu, hotuba yangu imeishia hapo, na nawashukuru kwa kunivumilia nilipowaudhi. Nina ombi moja la mwisho. Najua desturi, lakini tafadhali sana, msinipigie makofi. Moyo wa huyu binti hautaki kelele za ghafla. Kaeni kimya dakika tano. Mimi nina mgonjwa.